Chokaa ya Bibi Mize na Mahindi ya Nguruwe

Bibi yangu, Bibi Mize, alikuwa hana jino hata moja kinywani, lakini tambuu hakuiacha. Alikuwa na kinu kidogo cha shaba cha kupondea popoo, na asubuhi ukisikia ti, ti, ti, ujue Bibi keshaamka na nyumba nzima iamke. Popoo, katu, jani la mtambuu, tumbaku kidogo, na chokaa. Chokaa ndiyo roho ya tambuu. Ikizidi inakuchoma, ikipungua unatafuna majani kama mbuzi.

Chokaa hiyo nilikuwa nikitumwa mimi kuinunua. Siku moja nikauziwa chokaa ambayo haijalala majini vya kutosha, imetoka tanuuni juzi tu. Bibi akaipaka kwenye jani, akatia kinywani. Mdomo ukamvimba kama andazi. Siku mbili hakusema neno, na majirani wote waliokuwa wakiuogopa ulimi wake wakaja kumpa pole, kumbe wamekuja kustarehe na kile kimya. Siku ya tatu sauti iliporudi, neno la kwanza likawa langu.

"Makame!"

"Naam, Bibi."

"Kuanzia leo chokaa unaionja wewe kwanza. Ukifa, ntajua haifai."

Akanifundisha. Unachovya ncha ya njiti, unagusa ncha ya ulimi, unafumba mdomo, unatulia. Chokaa iliyolala vizuri inauma kama siafu mmoja, khalafu inaacha ubaridi. Chokaa mbichi inauma kama ukoo mzima wa siafu na ubaridi hauji. "Ngoja ubaridi," alikuwa akiniambia. "Usiwe na haraka ya kusema nzuri. Ngoja ubaridi." Alipofariki nilirithi kijaluba chake cha chokaa, kile kibati kidogo chenye kifuniko, na mpaka leo ninacho, ingawa mjukuu wangu mmoja anataka kukitia sindano.

Mtaniuliza, mzee, umeitwa utueleze habari za kazi, unatueleza habari za tambuu. Ngojeni ubaridi na nyinyi.

Mimi si mtu wa skuli. Chuoni, cha Kurani, nilihitimu, skuli nilikaa miaka miwili, na katika hiyo miwili mmoja nilikuwa na upele. Kazi nimefanya nyingi. Nimepakua karafuu, nimechukua mawe, nimekaanga kahawa ya mtu mwengine. Hizo zote ukiniuliza sina la kukwambia. Lakini ipo moja niliyoifanya kwa miaka michache, baada ya Mapinduzi mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hiyo nikiitaja kifua kinanyanyuka chenyewe. Nilikuwa mwosha mahindi ya nguruwe.

Mnacheka? Chekeni. Mama yangu alilia.

Lilikuwa shamba la mifugo, hapa Unguja, ukipita Mtoni kwenda Bububu, unaingia ndani kwenye minazi. Zamani lilikuwa shamba la mikarafuu la bwana mmoja, na sakafu yake kubwa ya kuanikia karafuu ilikuwa bado nzima, sakafu ya saruji unaweza kuchezea mpira. Siku zile wageni walikuwa wengi mjini, wale Wajerumani waliokuja na ramani za majumba ya Michenzani na wengineo, na wageni hao walitaka nyama yao. Na Wakristo wetu wa mitaa ya Ng'ambo mjini nao walitaka. Basi wakafugwa nguruwe. Na nguruwe lazima wale.

Walikula nini? Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mahindi yalikuja kwa meli kutoka bara, na kila msimu yapo magunia yaliyoingia maji ndani ya meli, au yaliyokaa bandarini chini ya bati linalovuja. Ukifungua gunia unakuta kuvu, kijani, nyeusi, nyengine ya rangi ya waridi nzuri ungedhani imepakwa makusudi. Hayo yalikuwa hayafai kwa watu, kwa hivyo yakaletwa kwetu. Siku ya kwanza Bwana Msimamizi wa shamba, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, alinisimamisha mbele ya magunia yale akanambia:

"Makame, mahindi haya hata punje moja isitoke nje ya uzio huu. Isifike kwenye chungu cha mtu. Nguruwe wakila wakifa, wamekufa nguruwe. Mtu akila, wewe ndiye uliyemlisha. Umefahamu?"

"Nimefahamu, bwana."

Nilidhani nimefahamu. Shikeni maneno yake hayo, maana ndiyo niliyofanyia kazi miaka yote, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuyasahau.

Wa kuwalisha nguruwe alikuwa Kalisto. Huyu wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa Ng'ambo, Mkristo wa kwenda kanisani na suti hata jua liwe vipi. Alinizidi umri kidogo na alinizidi akili sana. Siku ile ile ya kwanza aliniona nimesimama pembeni nimejikunyata, nikaona anacheka.

"Yakhe, unaogopa watakung'ata?"

"Siogopi kung'atwa. Naogopa kuguswa."

"Wewe mahindi, mimi nguruwe," akasema. "Subiri nikutengenezee mpaka." Akachukua brashi na kopo la chokaa, akapiga mstari mweupe toka ukuta huu wa sakafu mpaka ukuta ule. "Huku kwako. Kule kwangu. Mimi na viatu hivi sitii mguu kwako, na wewe usije ukajitia huruma ukavuka. Ndoo zako na ndoo zangu mbalimbali. Wewe unamimina kutoka juu, mimi nakinga chini. Ndoo haiigusi ndoo."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mwaka baada ya mwaka. Kila baada ya masika mvua ikiufuta mstari, Kalisto aliupiga upya bila ya kuambiwa. Tukila, tulikaa kila mtu upande wake wa mstari, tunazungumza. Sikuwahi kuwa na jirani mwema kumshinda yule. Hata nguruwe walifundishika. Alikuwepo jike mmoja mkubwa, Kalisto kampa jina Bi Harusi kwa vile alivyokuwa akitembea polepole na kutazama kila mtu kama wamekuja kwa ajili yake. Huyo akifika kwenye chokaa anasimama. Havuki. Kalisto alikuwa akinitania, "Unaona, Bi Harusi ana adabu kuliko shemeji zako."

Sasa niseme kosa langu, kwa sababu mzee anayewaeleza vijana mazuri yake tu huyo anawauzia kitu.

Mke wangu, Zuhura, alikuwa akifuga mabata. Mabata kumi na mmoja, kila mmoja na jina. Chakula kilikuwa tabu, pumba zenyewe unazitafuta. Mimi nikatazama yale mahindi, nikachagua yaliyoonekana mazuri, nikayaanika jua kali siku tatu, nikayachemsha, harufu yote ikaondoka. Nikajisemea, hii kuvu ishakufa, kitu gani kitastahimili jua na moto? Nikatia kibaba kimoja kwenye kikapu nikaenda nacho nyumbani. Kwa mabata, si kwa watu. Nikajipa ruhusa hiyo.

Kesho yake nikachukua kingine. Wiki ya pili mabata wakaanza kuyumba. Wiki ya tatu wakaanza kuanguka, shingo imepinda nyuma, mmoja mmoja. Zuhura alikuwa akiwazika nyuma ya nyumba, na kila akizika mmoja ananitazama.

"Makame, umewapa nini?"

"Mahindi."

"Mahindi ya wapi?"

Zuhura si mjinga. Akasema neno moja tu ambalo sijalisahau: "Jana mwana wa jirani kaomba akaangiwe mahindi yale. Nilikuwa nshawasha moto. Mama yake kamwita."

Sikulala raha tena mpaka nilipojifunza kazi ile barabara. Hapo ndipo nilipofahamu maneno ya Bwana Msimamizi. Kuvu unayoiona siyo sumu yenyewe. Kuvu ni aliyekuja akaitia sumu akaondoka. Unaweza kumuua yeye kwa jua na moto, alichokiacha kimebaki pale pale ndani ya punje, hakina harufu, hakina rangi.

Na nguruwe je? Nguruwe wana akili, nawaambieni. Bi Harusi akaanza kukataa chakula. Anasogea kwenye hori, ananusa, anasimama kama mgeni aliyekuta unywele kwenye pilau. Mitamba, yale majike madogo ambayo hayajafika umri, wakaanza kuvimba nyuma kana kwamba wanataka dume, na hawataki. Jike mmoja akaharibu mimba. Khalafu Bi Harusi naye akaharibu. Nilimwona Kalisto amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi, analia kwa nguruwe, na sikucheka, mimi niliyewaua mabata kumi na mmoja.

Bwana Msimamizi akaja akasema huenda mtu anawatilia sumu kusudi. Siku zile neno hilo likisemwa juu yako lilikuwa si la mchezo. Kalisto akatazama chini. Mimi nikasema, "Sumu imo, bwana, lakini imekuja na gunia."

Aliyetuokoa ni daktari wa mifugo, mwanamke wa Kijerumani, mwembamba, anapanda baiskeli kwa suruali, watu wa Mtoni wote wakisimama kumtazama. Sisi tulimwita Bi Daktari. Kiswahili chake kilikuwa cha kujikata mwenyewe lakini kinafika. Alimtazama Bi Harusi, akawatazama wale mitamba, akaja upande wangu, akachota kiganja cha mahindi, akapasua punje kwa kisu kidogo.

"Moto hapana tosha," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Waulize mabata wangu."

Nikamweleza. Hakucheka hata kidogo, akaandika. Akasema huko kwao yapo madawa makali ya hewa, unafungia mahindi ndani yake siku kadhaa, yanakula sumu. Lakini hapa hakuna dawa, hakuna pipa la kuifungia, na ukikosea unajiua wewe kabla ya nguruwe. "Kitu kali lakini ya hapa," akasema. "Jivu. Au..." akawa anatafuta neno, anafanya mkono kama anapaka ukuta.

"Chokaa?"

"Chokaa!"

Wanangu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimwona Bibi Mize na mdomo wake wa andazi.

Lakini msidhani nilipatia siku hiyo hiyo. Nilikosea tena, na mara hii kosa la kiburi. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wa Bibi Mize, mimi ndiye mjuzi wa chokaa, nikaenda tanuuni nikachukua chokaa ya mawe ya pwani, nikaitia majini asubuhi, mchana nikaimimina kwenye mahindi. Sikuionja. Kwa nini nionje, tambuu hii? Kesho yake nguruwe watatu midomo imevimba, wanapiga kelele utadhani wanachinjwa, na Kalisto upande wa pili wa mstari kaweka mikono kiunoni.

"Hongera, Makame. Sasa hawali kabisa. Sumu umeimaliza."

Nikarudi nyumbani nikakitoa kijaluba. Kuanzia siku ile chokaa yote ya shamba lile ilipita kwenye ulimi wangu. Bi Daktari alikuja na vikaratasi vyake vya kuchovya vinavyobadilika rangi, tukawa tunashindana, yeye na karatasi, mimi na ulimi. Mwisho wake vikaratasi vilimwishia na ulimi wangu ukabaki.

Sasa sikilizeni, maana haya wengine yatawafaa, kwa nguruwe, kwa kuku, kwa chochote mnachofuga.

Kwanza usilaze gunia kwenye sakafu. Weka magogo, weka chochote, hewa ipite chini. Sakafu inatoa jasho usiku kama mtu. Usiliegemeze ukutani pia. Kabla ya kuliweka ng'ata punje moja: ikilia ta! imekauka, ikinyamaza inakuvizia. Hiyo ya kung'ata ni kwa mahindi mazima yasiyo na lao jambo, jamani, msije mkang'ata yenye kuvu mkasema mzee Makame kasema.

Yakishaingia kuvu, yachambue kwenye ungo, mchana, mgongo upe jua. Toa iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye doa. Hii ndiyo kazi inayochosha na ndiyo inayosaidia kuliko zote. Watu wanataka dawa, hawataki kuchambua. Na ziba pua na mdomo kwa kitambaa, vumbi lile si la kulivuta. Khalafu tia maji ya chumvi kwenye pipa, mimina mahindi. Punje iliyoliwa ndani ni nyepesi, inaelea. Chota zinazoelea, chimba shimo, fukia mbali na kuku. Usione huruma. Mimi kila nikifukia nilikuwa nikisema, hii ya mabata.

Zilizozama ndizo unazopika. Chokaa iliyolala siku saba, si siku moja. Unaichuja, unachukua maji yake yaliyotulia, unaonja. Siafu mmoja, ubaridi. Unapika mahindi ndani yake moto mdogo mpaka ganda linaanza kuteleza, unaepua, unaacha ndani mpaka kesho. Asubuhi unayasugua baina ya viganja mpaka maganda yatoke, kwa sababu sumu nyingi imekaa hapo juu na kwenye kile kiini. Unaosha, unamwaga, unaosha, unamwaga. Maji ya kwanza ni ya manjano kama chai ya mgonjwa. Ya mwisho lazima uone kidole chako chini ya ndoo. Khalafu unaanika kwenye sakafu ya karafuu, tabaka jembamba, unageuza kila saa.

Miguu yangu ilibabuka, viganja vikawa vyeupe havitoki. Mtaani wakaniita Makame Chokaa. Nikienda msikitini mtu ananinusa kwanza ndipo anisogelee. Lakini Bi Harusi alirudi kula. Akashika mimba, akaikamilisha, akazaa vitoto tisa wazima, na Kalisto akaja mbio mpaka kwenye mstari, akasimama hapo hapo kama Bi Harusi mwenyewe, hawezi kuvuka.

"Tisa, Makame! Tisa!"

"Mimi usinambie idadi ya nguruwe, nambie hongera."

"Hongera, ndugu yangu."

Bi Daktari alichukua mahindi yangu kwenye chupa, kabla ya kuosha na baada ya kuosha, akayapeleka kwao. Baada ya miezi ikaja karatasi. Akanisomea mwenyewe, kidole juu ya mstari: imepungua sana. Sana, Makame. Akanipa mkono mbele ya watu. Khalafu akasema, "Lakini hapana kwisha. Kidogo imebaki." Nikamwuliza, kwa hivyo? Akasema kwa nguruwe si neno, nguruwe wa nyama anachinjwa hajatimiza mwaka, ini lake halipati muda wa kuoza. Mtu anakula kila siku, miaka na miaka. "Kwa mtu, hapana." Nikasema nimefahamu. Na mara hii nilikuwa nimefahamu kweli. Aliondoka kwenda kwao muda si mrefu baada ya hapo. Karatasi ile akaniachia, nikaibandika ghalani kwa misumari minne.

Basi ukaja wakati ule wa dhiki. Wazee wenzangu wanaujua. Unga wa mgao, mchele wa mgao, watu wanapanga mstari toka alfajiri na wakifika mbele wanaambiwa umekwisha. Nyumbani kwangu tulikula muhogo mpaka watoto wakawa wanauota. Na mimi kila siku ninashika mahindi kwa mikono miwili. Jirani, yule mama wa mwana aliyetaka kukaangiwa, alinijia siku moja uwanjani kwangu, kajitanda kanga, hanitazami usoni.

"Makame, kibaba kimoja tu. Nasikia yamekuwa meupe."

"Bi mkubwa, siwezi."

"Nguruwe wanaweza?"

Nikamsogezea kigoda. Zuhura alitoka ndani akampa nusu ya muhogo wetu. Aliwakumbuka mabata.

Kweli yalikuwa meupe. Hilo ndilo lililoniponza. Niliifanya kazi ile vizuri mno. Ukiyatazama yale mahindi yameanikwa kwenye sakafu, yamevuliwa maganda, yanang'aa, ungedhani mtu kamwaga lulu. Na asubuhi moja Bwana Msimamizi alipita, akasimama. Alikuwa hajatia mguu hapo kwa muda mrefu. Akainama, akachota mkono mmoja, akayamimina kwenye mkono wa pili.

"Makame."

"Naam, bwana."

"Haya ndiyo yale mabovu?"

"Ndiyo hayo hayo."

"Wallahi mazuri kuliko ninayokula mimi nyumbani."

Naapa nilifurahi. Kichwa kilinijaa, nikasema, "Hiyo ndiyo kazi yangu, bwana." Mdomo wangu mwenyewe.

Akapangusa mikono. "Gari linakuja baada ya adhuhuri. Yatiwe kwenye magunia, yakasagwe."

"Yasagwe ya nani?"

"Ya nani? Watu wana njaa na nguruwe wanakula lulu? Tutaulizwa."

Nikamwambia, bwana, wewe mwenyewe ulinambia hata punje moja. Akasema wakati ule yalikuwa machafu. Nikampeleka kwenye karatasi ya Bi Daktari, akaisoma, akasema imeandikwa imepungua. Nikasema imeandikwa haikwisha.

"Wewe umeyaosha mwenyewe, na wewe mwenyewe unasema hayakutakata?"

"Yametakata ya nguruwe. Hayakutakata ya mtu."

"Umesoma wapi haya, Makame?"

"Sikusoma, bwana."

"Basi," akasema.

Hakuwa mtu mbaya. Nimemfikiria sana baadaye. Naye alikuwa akipita kwenye ile mistari ya unga, akiitwa majina, na mbele yake kuna mahindi yanang'aa. Angewalisha watu kwa nia njema kabisa, na hakuna ambaye angeanguka siku ile wala mwaka ule. Ndiyo ubaya wa sumu ile. Bata anakwambia wiki ya tatu. Mtu anakuja kukwambia ushasahau.

Akaondoka kwenda kuliharakisha gari. Nikasimama katikati ya sakafu. Kalisto alikuwa upande wake kasikia yote.

"Tuyafukie?" akaniuliza.

"Mapipa kumi, mimi na wewe, kabla ya adhuhuri? Na tukiyafukia watayafukua, watayaosha. Njaa itafukua kila kitu."

Tukatazamana, na sijui nani aliwaza mwanzo. Kalisto akatazama banda, akatazama sakafu. Akaanza kucheka kwa tumbo, bila ya sauti.

"Nifungue mimi," akasema.

"Hapana. Wewe una watoto watano na Rosa ana mimba. Ukifungua wewe watasema Mkristo kawanajisia watu chakula. Nikifungua mimi, watasema Makame kawa mwendawazimu. Wendawazimu nauweza."

Nikauvuka mstari. Miaka yote ile sikuwahi kuukanyaga, na mguu wenyewe ulikuwa mzito. Nikalishika komeo la banda, lina mafuta ya ngozi za nguruwe, nikalivuta. Wakatoka, Bi Harusi mbele kwa mwendo wake wa harusi, wengine nyuma yake. Akafika kwenye chokaa. Akasimama.

Wanangu, hakuvuka! Kalisto kamfundisha vizuri mno, kama nilivyoyaosha mimi vizuri mno. Ananusa mahindi, anatazama mstari, na wote nyuma yake wamesimama wanamngoja yeye. Kalisto anamwita, anampigia mluzi, wapi. Na kule barabarani nasikia gari linabadilisha gia.

Basi nikanyanyua mkono wa kulia. Nikakumbuka ni wa kulia, nikautelemsha, nikanyanyua wa kushoto. Nikasema bismillahi, sijui kama inafaa mahali pale, nikaweka kiganja kwenye matako ya Bi Harusi, nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

Alivuka. Na wote wakamfuata.

Gari lilipoingia, wachukuzi wawili waliruka chini na magunia mabegani, na hapo hapo wakasimama. Nguruwe wamejaa sakafu nzima, pua zimezama mpaka machoni, wengine wanagaragara, na kile kitoto cha mwisho cha Bi Harusi kinakojoa katikati.

"Astaghfirullah!" akasema mmoja.

Bwana Msimamizi alishuka upande wa dereva. "Makame, umefanya nini?"

"Nguruwe wametoka, bwana."

"Watolewe! Yaoshwe!"

"Na nani, bwana?"

Akawageukia wachukuzi. Yule mkubwa akalikunja gunia lake taratibu, akalitia kwapani. "Mimi gunia hili silibebi, hata nikifungwa. Na nikifungwa ntasema kwa nini silibebi, na mji mzima utajua unga ule umetoka wapi."

Hapo ikawa imekwisha. Hata yeye aliona. Katika Unguja nzima hakuna mtu ambaye angethubutu kuutia unga ule kwenye mgao baada ya hapo, aseme ameoshwa mara ngapi. Bwana Msimamizi alinitazama. Akapanda gari.

Nikaenda kwenye bomba. Kalisto akachota udongo safi kwa beleshi langu, akaniwekea chini nisimguse, akachukua ndoo yangu, si yake, ameishika kwa kitambaa, akanimiminia maji. Osho la kwanza katika yale saba ya najisi ya nguruwe ni kwa udongo, nikasugua mpaka kwenye kiwiko. Khalafu maji. Yeye ndiye aliyekuwa akihesabu, kwa sauti, kama kanisani.

"Nne. Tano. Sugua hapo. Sita. Saba, Makame. Saba."

Nikajipangusa. Nikaiacha ndoo yangu upande wangu wa mstari, nikaliegemeza beleshi ukutani, nikakitia kijaluba cha Bibi mfukoni. Nguruwe walikuwa bado wanakula, wanakula kwa raha, mahindi yao, niliyowaoshea mimi.

"Kesho?" Kalisto akaniuliza.

Nikanyanyua mkono, ule wa kulia, kumuaga, nikatoka kwenye minazi, nikashika njia ya Mtoni kuja mjini. Sikurudi tena.